Meno ya Plasta na Ufizi wa Mwalimu Nkatha

Ukiwa unapiga mswaki na mtu aliye chumba cha pili anakusikia, acha. Weka mswaki chini, pumua, halafu anza tena polepole. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi vijana hamsomi mpaka mwisho, na mkisoma hilo peke yake mtakuwa mmepata nusu ya yale niliyojifunza miaka yote niliyofanya kazi katika kliniki ya meno pale Meru mjini. Nusu ya pili ni aibu yangu, na hiyo itabidi mnivumilie.

Watu huniita Mama Kawira. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo haya nimeyaandika kidogo kidogo, na pale kalamu iliponishinda, Kawira mwenyewe, binti yangu ninayekaa naye hapa mtaa wa Dallas, Embu, akanisaidia. Yeye alitaka niondoe mambo fulani. Nimemwambia aandike tu.

Kliniki niliingia kwa mlango wa ufagio. Mwenye kliniki alikuwa Daktari Mutwiri, mtu mpole, mikono yake baridi kama ya mtu aliyetoka kuosha mboga. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufua makoti, na kuchemsha vyombo vyake kwenye sufuria kubwa juu ya jiko. Siku hizi kuna mashine ya mvuke, unafunga mlango inajifanyia. Sisi tulikuwa tunasimama hapo tukiangalia maji yachemke, na ukichepuka kidogo kuzungumza na mtu, maji yanakauka.

Kilichonitoa kwenye ufagio ni majina. Mimi kusoma kadi za wagonjwa haraka siwezi, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki. Na si jina tu, hata jino lake. Mtu anarudi baada ya miaka, kadi yake imeliwa na panya, mimi namwambia, "Karibu Mzee Baariu. Lile gego la chini kulia lilitulia?"

Siku moja Daktari Mutwiri alisikia nikisema hivyo, akatoka na koleo mkononi. "Mama Kawira, ufagio tutampa mtu mwingine. Wewe utashika taa, na utaongea na watu. Mimi nitashika koleo."

Basi nikawa mshika taa na mkalimani. Wengine walikuja wakijua Kimeru tu, wengine Kimbeere, na madaktari wanafunzi waliotumwa kwetu walikuwa wametoka mbali. Mgonjwa anaeleza kwa Kimeru tangu jino lilipoanza kuuma, na mvua ilivyokuwa, na shemeji yake alivyomshauri aweke tumbaku. Mimi namgeukia daktari nasema, "Linauma akinywa maji."

"Amesema hayo tu?"

"Hayo ndiyo ya jino. Mengine ni ya shemeji."

Daktari Mutwiri alinifundisha jambo moja ambalo nawapa bure nyinyi mnaoanza kazi hii. Usimwambie mgonjwa asiogope. Hapo ndipo anaanza kutafuta cha kuogopa. Mwambie kinachokuja: sasa utasikia kitu baridi, sasa nitakushika bega, sasa kutakuwa na kelele lakini hakuna maumivu. Na kama maumivu yapo, sema yapo.

Sasa tuje kwenye ufizi, maana hapo ndipo kazi yangu ilipoharibikia.

Ufizi unakaa kwenye jino kama kola shingoni. Ukiwa mzima, umebana vizuri na rangi yake imetulia. Ukianza kupanda kwa meno ya juu, au kushuka kwa yale ya chini, jino linaonekana refu. Watu walikuwa wakija wakisema, "Daktari, meno yangu yanakua." Mama mzima wa wajukuu, meno yakue yakienda wapi? Jino halijarefuka. Nguo ndiyo imefupika. Na pale palipofunuliwa utaona pana rangi ya njano kidogo, kwa sababu huo ni mzizi, na mzizi haukupewa lile gamba gumu lililo juu. Ndiyo maana maji baridi yakigusa hapo mtu anaruka. Na jambo ambalo watu hawapendi kusikia ni kwamba ukishaondoka, ufizi haurudi wenyewe. Kusukutua maji ya chumvi kutapunguza uvimbe, lakini hakutaurudisha.

Unaondoka kwa njia mbili kubwa. Zipo nyingine ndogo, lakini mimi nilishika taa juu ya hizi mbili zaidi.

Ya kwanza ni ukoga. Ule utando unaokaa kwenye jino usipoondolewa unakuwa mgumu kama simiti, unaingia chini ya ufizi, na ufizi unakasirika, unavimba, unatoa damu, halafu unakimbia. Mfano wake ni huyo huyo Mzee Baariu. Alikuwa anakula miraa, na miraa yake ilikaa shavu la kulia, imejaa kama yai. Upande huo ukawa unatoa damu akipiga mswaki, naye akaona dawa ni kutopiga mswaki upande huo kabisa. Wengi hufanya hivyo. Damu ikitoka wanapaacha, na pakiachwa panazidi. Panapotoa damu ndipo panapotaka kusafishwa, kwa upole, kila siku, na kama damu haikomi, umwone daktari.

Daktari Mutwiri alimkwangua ukoga kwa mkono, kipande kwa kipande, mimi nikishika taa mpaka bega likafa ganzi. Mkija kuona mashine za siku hizi zinazolia na kurusha maji, mshukuru. Mwisho akamwambia, "Mzee, miraa hii iache. Na kama huwezi leo, angalau upande wa kulia upumzike kwanza."

Alirudi baada ya muda. Akaingia mlangoni akitabasamu, na shavu la kushoto limejaa kama yai.

"Mzee!" nikasema.

"Nini tena? Daktari alisema upande wa kulia upumzike. Umepumzika."

Njia ya pili ni mkono wa mtu mwenyewe. Huyu hana ukoga. Meno yake yanang'aa, ufizi wake hauna uvimbe wala damu, ila umepanda, na hapo kwenye shingo ya jino kuna mfereji mdogo, kama mtu amekata kwa msumeno. Ukimwambia ashike mswaki uone, utacheka. Anasugua kama anayeondoa ugali ulioungua. Na karibu kila mara upande wa kushoto ndio umeumia zaidi, kwa sababu mkono wa kulia unafikia huko kwa nguvu zake zote. Kama anatumia mkono wa kushoto, angalia kulia.

Haya nayajua sasa. Wakati ule sikuyajua, na niliyafundisha kinyume.

Ilikuwa hivi. Foleni ilikuwa ndefu, shule moja ya Kaaga imeleta wasichana wake kuangaliwa meno. Daktari Mutwiri akatoa kichwa mlangoni. "Mama Kawira, hao wanaongoja waonyeshe kupiga mswaki vizuri." Akarudi ndani. Hakusema vizuri ni vipi, na mimi sikuuliza. Ningeulizaje? Nilikuwa navaa koti jeupe siku hizo, na mtu wa koti jeupe anaona haya kuuliza kupiga mswaki ni vipi.

Nilichokijua mimi ni sufuria. Nililelewa nikisugua sufuria kwa majivu mpaka uone uso wako ndani yake, na mama yangu alikuwa anasikiliza kutoka nje. Asiposikia mchakacho, anarudisha sufuria. Basi nikachukua meno ya plasta, yale meupe ya mfano yaliyokuwa juu ya kabati, nikachukua mswaki mgumu kuliko yote, nikasugua mbele na nyuma, mbele na nyuma. "Hivyo! Msicheze nayo! Nataka kusikia!" Wasichana wakashika. Daktari aliposikia kelele alifurahi, akadhani somo limeingia. Lilikuwa limeingia kweli.

Kuanzia hapo ikawa kazi yangu. Kila foleni ndefu, mimi na meno yangu ya plasta. Miaka ikaenda. Nilisifiwa. Walimu walinitafuta. Hakuna kazi niliyoipenda kama hiyo, mimi wa darasa la tatu, nikifundisha watoto wa sekondari.

Daktari Mutwiri alipozeeka alimwachia kliniki Daktari Wanja, msichana wa Embu, mdogo kwa mwili, macho hayapitwi na kitu. Wiki yake ya kwanza alishika yale meno ya plasta akayageuza geuza kwenye mwanga.

"Mama Kawira, haya yameliwa na nini?"

"Yameliwa wapi?"

Akanionyesha. Karibu na ufizi, upande wa kushoto, kulikuwa na mifereji. Mimi nilikuwa nimeyashika siku zote na sikuwahi kuiona. Nikamwambia labda ni uzee. Akayarudisha kabatini.

Haukupita muda, akaja Mwalimu Nkatha. Nilimjua kabla hajafika kwenye kiti. Alikuwa katika wale wasichana wa Kaaga wa siku ya kwanza kabisa, wa mstari wa mbele, mwenye bidii kuliko wote. Sasa alikuwa mwalimu katika shule ile ile, na ndiye aliyekuwa anawasimamia wasichana wa bweni. Alikuja ameziba mdomo kwa leso. Alikuwa haongei na mtu bila kuweka mkono mdomoni. Meno ya juu yamerefuka, na chonge la kushoto ndilo baya zaidi, mzizi uko nje karibu nusu. Hewa tu ya asubuhi ikiingia, machozi yanamtoka.

Daktari Wanja alimwangalia, akamweleza kwa upole kwamba anasugua kwa nguvu mno. Kwamba akiendelea, chonge hilo litaanza kulegea, na kulipoteza ni kulipoteza.

Mwalimu akaondoa leso. "Daktari, samahani. Mimi napiga mswaki vizuri. Yalipoanza kuuma nikajua sijatia bidii, nikaongeza. Asubuhi, mchana na jioni."

"Hiyo bidii ndiyo inakuumiza, mwalimu."

"Haiwezekani. Nilifundishwa hapa hapa." Akanigeukia, akatabasamu mara ya kwanza tangu aingie. "Nilifundishwa na huyu. Muulize Mama Kawira."

Daktari Wanja hakuniuliza. Alikwenda kabatini, akatoa meno ya plasta, akayaweka kwenye trei karibu na shavu la Mwalimu, mimi nikiwa nimeshika taa. Chonge la kushoto la plasta, chonge la kushoto la Nkatha. Mfereji ule ule, mahali pale pale. Nadhani alikuwa ananiachia mimi niseme.

Nyinyi mtafanya makosa kazini. Wala siwatishi. Lakini itakuja siku ambapo ukinyamaza hakuna atakayejua, na mgonjwa atakwenda nyumbani akiwa anakuheshimu. Mimi nilikuwa nayo dakika hiyo. Ningeweza kusema, "Pengine hukuelewa, mwalimu." Angeamini. Alikuwa ananipenda.

Nikazima taa. Nikamwambia, "Mwalimu Nkatha, nilikufundisha vibaya. Si wewe uliyekosea. Ni mimi. Hapa ndipo niliposugua, na pale ndipo uliposugua."

Aliangalia yale meno. Halafu akauliza, "Ulikuwa hujui?"

"Sikujua. Na sikuuliza."

"Miaka yote hii naamka kabla ya kengele, najiharibu kwa mkono wangu." Akakusanya mkoba wake. Daktari Wanja akaanza kumweleza kuhusu matibabu, yeye akasema atafikiria. Akaondoka bila kuniaga. Sikumlaumu, lakini nilijua akikaa nyumbani na hasira, lile chonge halitamngoja.

Mchana ule sikula. Nilimwomba Daktari Wanja akae na kalamu, nikamtajia majina. Wote niliowahi kuwafundisha kwenye foleni, shule kwa shule, kijiji kwa kijiji: wa Kaaga, wa sokoni, yule mama Ciambaka aliyesafiri kutoka Kiambere na watoto wake wanne, majina ya watoto pia. Ilichukua siku kadhaa. Daktari aliandika mpaka akabadilisha kalamu. Kila jina tulitafuta mtu wa kulipelekea ujumbe: njoo tukuangalie, na kabla hujaja badilisha mswaki. Wengine walikuja. Wengine walicheka. Ciambaka alituma jibu kwamba mswaki niliompa ulikuwa mgumu sana, aliutumia mara moja tu, akaufanya wa kusugulia viatu. Watoto wake wanne wote walikuwa wazima. Nilimshukuru Mungu kwa ukaidi wake.

Mwalimu Nkatha hakuja. Jumapili moja nikatoka kanisani nikaenda Kaaga kwa miguu, nikamngoja langoni mwa shule. Alinikuta pale nikiwa nimeshika mswaki laini ndani ya karatasi yake.

"Sikuja kuomba msamaha tena," nikamwambia. "Nimekuja kwa ajili ya jino. Nikasirikie ukiwa unatibiwa."

Nilidhani atapita. Halafu akasema, "Unajua mimi nafanya nini kila asubuhi, Mama Kawira? Nasimama penye mabomba ya maji na wasichana wa bweni wakipiga mswaki. Nawaambia, msicheze nayo. Nawaambia, nataka kusikia."

Hayo yalikuwa maneno yangu, na yalikuwa yamefika kwa wasichana ambao majina yao sikuyajua.

"Nitakuja kwa Daktari," akasema. "Lakini nikishapona, wewe utakuja darasani. Utawaambia mwenyewe. Mimi wakinisikia nimebadilisha neno, watadhani nimechoka tu."

Alikuja. Daktari Wanja kwanza alimtulizia zile sehemu zinazouma kwa dawa ya kupaka na dawa ya meno ya watu wenye mizizi wazi, akamzuia kupiga mswaki mara tu baada ya kula matunda makali kama pasheni na ndimu, maana wakati huo jino limelainika. Meno mengi yaliachwa hivyo yalivyo, yakilindwa tu yasiendelee. Kwa lile chonge alikata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, akakishonea pale ufizi ulipokuwa umeondoka. Mnapotishwa na habari ya kushonwa ufizi, jueni ni kazi ya saa moja hivi, mtu amepigwa ganzi, na kaakaa linapona lenyewe. Nilishika taa. Nilimwambia kila kinachokuja kabla hakijaja. Katikati alinishika mkono wa pili, ule usio na taa, na hakuuachia mpaka nyuzi zikaisha. Wiki hizo alikunywa uji na kula ndizi zilizopondwa, na kile kipande kikashika.

Basi siku ikafika nikaenda darasani. Viti vimejaa wasichana, karibu wote warefu kuliko mimi. Mwalimu Nkatha alisimama nyuma, bila leso mdomoni. Nikawaonyesha mswaki laini, unavyoshikwa kwa vidole vitatu kama kalamu, si kwa ngumi. Nywele za mswaki zielekee kwenye mpaka wa ufizi na jino, zizunguke hapo kidogo kidogo, halafu zifagie kuelekea mwisho wa jino. Usisukume. Nikawaambia kwamba njia wanayoijua ni mbaya, na ilitoka kwangu.

Msichana mmoja wa mbele akainua mkono. "Shosho, wewe ndiye ulimfundisha Mwalimu vibaya?"

"Ni mimi."

Yeye hakuketi. "Na hii ya leo tutajuaje kwamba si mbaya pia?"

Mwalimu Nkatha akataka kumkemea, nikamzuia kwa mkono. Lilikuwa ndilo swali ambalo mimi nilipaswa kumuuliza Daktari Mutwiri mlangoni pale, na sikuwa na moyo wa mtoto huyu.

"Usiniamini mimi," nikamwambia. "Amini kioo. Angalia ufizi wako leo, uangalie tena muhula ujao. Ukiona umepanda, nenda kwa daktari umwambie Mama Kawira amekosea tena."

"Lakini mtu ataona aje kama umepanda?"

Hapo nikaonyesha kitu ambacho hata Daktari Wanja hakuwa ameona. Nikaenda dirishani penye mwanga, nikaweka kidole, nikavuta mdomo wangu juu upande wa kushoto. Meno yangu mwenyewe. Mizizi nje, ya njano, mifereji mirefu kuliko ya Nkatha, kwa sababu mimi nilikuwa nimesugua miaka mingi kuliko yeye.

"Njooni muone," nikasema. "Mmoja mmoja. Na kila mtu aniambie jina lake kwanza."